Hema Lililomzika Mama Mkwe

Hema letu tulilisimamisha kwa mara ya kwanza Jumamosi moja mchana, mbele ya nyumba yetu Bagamoyo, na kabla ya alasiri lilikuwa limeshamuua mama mkwe wangu.

Nitaeleza. Kueleza ndiyo kazi niliyoifanya maisha yangu yote. Nilikuwa mwalimu wa jiografia, na nimestaafu kazi lakini sijastaafu tabia. Mume wangu husema mtu akiniuliza saa ngapi, nitaanza kumweleza jinsi dunia inavyolizunguka jua.

Kwa miaka mingi nilichora ramani ya Afrika ubaoni kwa chaki, bila kutazama kitabu. Nilianzia juu, nikashuka na pwani ya magharibi, na nilipofika ncha ya kusini mkono wangu ulipinda wenyewe na kuanza kupanda kurudi kwetu. Kila mwaka alitokea mwanafunzi wa kuuliza, "Mwalimu, umeshafika huko?" Nami nilijibu, "Bado." Nalipenda neno hilo, maana halisemi hapana. Lakini ukilisema mpaka nywele zikawa nyeupe, linaanza kukuuma kidogo.

Kwa hiyo mume wangu, ambaye ni fundi majokofu na mtu wa maneno machache, aliponunua gari kuukuu lililowahi kubeba watalii na kuanza kulifufua taratibu pale uani, nilijua analifufua kwa ajili ya lile "bado" langu. Hakusema. Siku moja alifunga boneti, akafuta mikono, akaniuliza, "Kutoka hapa mpaka kule mkono wako unakopinda, mtu anapita wapi?"

Nilimweleza. Msata, Chalinze, Morogoro, Iringa, Mbeya, Tunduma. Kisha Zambia, Botswana, Namibia, halafu unashuka mpaka nchi iishe. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sawa. Lakini Mama asiporidhia, siwashi gari."

Mama yake anaishi nasi, katika chumba kinachotazama barabara. Ana umri mkubwa, macho makali na ulimi mkali zaidi, na amekuwa akinitania tangu wiki ya harusi yangu. Mume wangu ni kitindamimba wake. Kwa mtu kama yeye, kwenda nchi za mbali bila radhi ya mama ni sawa na kuteremka mlima wa Kitonga bila breki.

Tulimwambia baada ya chai ya asubuhi. Aliuliza habari za chakula, za maji, na za nani atabaki naye. Tukamjibu kuwa wifi yangu atakuja kutoka Chalinze kukaa naye. Akatikisa kichwa, kisha akauliza, "Na kulala mtalala wapi?"

"Tutapiga kambi, Mama," nilisema.

"Kambi." Alilitamka neno hilo kama mtu aliyeng'ata jiwe kwenye wali. "Kambi ni ya askari, ya wakimbizi, na ya wagonjwa wa kipindupindu. Nyinyi mko kundi gani?"

"Kundi la wastaafu, Mama," alisema mume wangu.

"Usinichekeshe. Radhi yangu niacheni niifikirie."

Na kwa kweli aliuliza swali la haki. Sisi watu wa pwani hatuna mazoea ya kulala nje. Ukienda Tanga unalala kwa shangazi; ukienda Morogoro unalala kwa mtu aliyesoma na mtoto wa shangazi; ukiwakosa wote, utampata mtu baada ya swala atakayesema twende kwangu. Safari kwetu ni kutoka nyumba ya ndugu hadi nyumba ya ndugu. Lakini ndugu zetu wanaishia Mbeya. Kuanzia Tunduma, ni hema. Na hema hatukuwahi hata kuligusa.

Tulinunua la mtumba Dar es Salaam. Kama na wewe ndio kwanza unaanza, nikutie moyo: si gumu kama linavyoonekana. Unatandaza sakafu yake, unaunganisha zile fito nyembamba, unazipitisha kwenye mikunjo ya kitambaa, na ukizikunja kwa pamoja kitu chote kinavimba kama andazi kwenye mafuta ya moto. Kisha unapigilia vigingi. Utakosea. Sisi tulilisimamisha kwanza ndani nje, zipu zote zikawa upande usiofika mkono. Unalivua tu na kuanza upya.

Kosa letu kubwa lilikuwa kwingine. Mtu mwenye uzoefu alikuwa amenishauri kwamba juu ya hema tufunge turubai, kwa ajili ya jua na umande. Tukafunga turubai la buluu kutoka kwenye nguzo ya baraza mpaka kwenye mti wa mkungu. Viti vya kukunja hatukuwa navyo bado, tukaazima viti vya plastiki kwa jirani na kuvipanga kwa safu kivulini. Nikataka pia kujaribu kupika nje, nikaweka mafiga matatu, nikateleka maji katika sufuria kubwa, kwa kuwa ndogo zote zilikuwa chafu. Mume wangu, aliyekuwa amechoka kwa kuhangaika na fito, akakaa kwenye kiti cha mbele na kushika tama.

Msomaji wa Bagamoyo ameshaelewa. Kwa aliye mbali: turubai mbele ya nyumba, viti vya plastiki kwa safu, sufuria kubwa kwenye mafiga, mwenye nyumba ameshika tama. Kwetu hayo ni msiba, hayahitaji tangazo. Na dirisha la chumba cha Mama lilikuwa limefungwa, kwa sababu alikuwa amejilaza baada ya adhuhuri.

Wa kwanza kufika alikuwa jirani yetu wa ng'ambo ya barabara, muuza chapati. Alikuja na khanga kichwani, mzigo wa kuni begani na machozi mashavuni. Alinikumbatia mpaka nikakosa pumzi.

"Shoga yangu, pole. Jamani! Si asubuhi tu nimemwona anapiga mswaki!"

"Nani?"

"Ndiyo dunia, shoga. Ndiyo dunia."

Nikiwa bado nashangaa, wanaume walishaanza kumpa mume wangu mikono. Pole sana. Kazi ya Mungu. Mume wangu ni mtu wa adabu. Alidhani wanampa pole kwa jinsi walivyomwona akitoka jasho na lile hema. Akawajibu kwa utulivu, "Ahsanteni. Tumehangaika tangu asubuhi, lakini alhamdulillahi, imekwisha."

Wakainamisha vichwa. Kina mama wakaketi kwenye baraza. Mmoja alikuwa ameshaweka mfuko wa mchele karibu na sufuria yangu na kuanza kuchochea moto. Hapo ndipo dirisha lilipofunguka.

"Kuna nini hapo nje?" aliuliza Mama, kilemba kimemkaa upande. "Nani kafa?"

Muuza chapati aliangusha kuni. Mzee mmoja aliyecheza naye utotoni akakohoa na kusema taratibu, "Bi Mkubwa, sisi tulijua ni wewe."

"Mimi? Nimekufa saa ngapi? Mbona sikuambiwa?"

Kicheko kilichofuata nadhani kilisikika mpaka sokoni. Mama alitoka, akakaa kwenye kiti cha mbele kabisa, na akaanza kuwakagua waombolezaji wake mmoja mmoja. "Mchele acheni. Kuni acheni. Wewe umekuja mikono mitupu? Kwenye maziko yangu? Na wewe, mbona macho makavu? Mtazame mwenzako, kalia mpaka kamasi." Kwa kuwa moto ulikuwa umeshakolea na mchele ulikuwapo, tulipika, tukala pamoja chini ya lile turubai. Ilikuwa siku nzuri.

Lakini baada ya magharibi, viti vilipokwisha kurudishwa, alituita chumbani kwake. Hakuwa anacheka.

"Mbele za watu nimecheka, kwa sababu watu ni watu. Lakini hema lenu limeanza kazi kwa kunizika. Kitu kama hicho nitakiombeaje dua?"

"Sawa, Mama," alisema mume wangu, akatoka kwenda kulikunja.

Mimi sikukata tamaa. Mwanafunzi asipoelewa, mwalimu hubadilisha mfano. Niliwaza kwamba tukitoka mara mbili tatu kwenda karibu, tukalala kwenye hema na kurudi wazima, moyo wa Mama utapoa. Tukaanza na Kaole, katika shamba la minazi la binamu ya mume wangu. Hatukuwa tumepigilia hata kigingi kimoja alipotoka mke wa binamu.

"Shemeji, tumekukoseeni nini?"

"Hakuna kosa, tunafanya mazoezi," alisema mume wangu.

"Mazoezi ya kutuaibisha? Watu wapite barabarani waone wageni wetu tumewalaza na mbuzi?"

Tulilala kwenye kitanda chake mwenyewe, yeye akalala chini kwenye mkeka. Hema lilibaki kwenye mfuko.

Mara ya pili tukaenda upande wa Msata, makusudi, kwa kuwa huko hatuna ndugu. Tuliomba ruhusa kwa mama mmoja mwenye shamba la mananasi kando ya barabara. Nilimweleza kila kitu: hema, mipaka, nchi tutakazopita, ncha ya kusini. Alinisikiliza kwa makini sana. Nilivyozidi kueleza, ndivyo alivyozidi kunitazama kwa huruma. Mwisho akamgeukia mumewe na kusema, "Hawa wazee wamefukuzwa na watoto wao," akaenda kututandikia chumba.

Tuliporudi Mama aliuliza, "Mmelala wapi?"

"Kitandani, Mama."

"Na hema?"

"Lilikuwa garini."

"Basi hema lina akili kuliko nyinyi."

Mume wangu alicheka, lakini baada ya hapo hakuenda tena kwenye gari. Maji yalipokatika mtaani, aliteremsha madumu ya safari kutoka juu ya gari, akayatumia kuwekea maji ya nyumbani. Maji yalirudi, madumu hayakurudi. Mtu mwingine asingeona. Mimi, ninayejua jinsi anavyosema mambo kwa mikono, niliona.

Nikachukua ramani, nikaenda kuketi kitandani kwa Mama. Nilipitisha kidole kwenye barabara, mji kwa mji, nikamweleza daraja la Zambezi na hali ya hewa ya jangwani. Alinivumilia mpaka mwisho. Kisha akaweka kiganja chake juu ya ramani, akasema bila mzaha, "Mwalimu, njia naiona. Mnapolala ndipo sipaoni."

Nilifungua mdomo kueleza, nikakuta sina cha kueleza. Hata mimi nilikuwa sipaoni. Nilikuwa sijalala ndani ya hema hata usiku mmoja.

Asubuhi moja nilitandaza vitu vyetu vya safari kwenye mkeka barazani ili nivirudishe jikoni, kwa kuwa ilionekana hatuendi popote. Sufuria ndogo, chumvi, ndimu, unga, mbuzi ya kukunia nazi ambayo nilishindwa kuiacha, mkeka wa kulalia, na ng'onda, wale samaki wa kukausha, nilizozifunga kwenye karatasi. Mama alikuja na mkongojo wake, akasimama juu ya vitu vile. Akaokota ng'onda moja, akainusa.

"Za nani hizi?"

"Zetu, Mama. Za njiani. Haziozi."

"Na huu mkeka?"

"Wa kutandika ndani ya hema."

"Na huko mtahama hama, au mtakaa mahali pamoja?"

"Tutahama. Tukipapenda tutakaa kidogo, halafu tutasogea. Mvua zikikaribia tunarudi nyumbani."

Aliketi polepole kwenye ukingo wa baraza, ng'onda bado mkononi.

"Sasa mbona hamkusema kwamba mnakwenda dago?"

Neno hilo nililijua. Nililifundisha: wavuvi huhama kwa msimu, wakajenga vibanda kwenye ufukwe wa mbali, wakavua na kukausha samaki, kisha wakarudi kwao. Mstari mmoja ubaoni, chini ya shughuli za uchumi. Sikujua kwamba mama mkwe wangu, niliyeishi naye miaka yote hiyo, alikuwa ndani ya mstari huo. Nilifanya jambo nisilolizoea. Nilinyamaza.

Alinisimulia jinsi baba yake alivyowachukua wote, mama na watoto, wakavuka mdomo wa mto Wami kwenda upande wa Saadani. Kibanda cha makuti, hakina mlango. Mkeka juu ya mchanga. Moshi wa samaki kwenye nywele mpaka uzoee usiusikie tena. Yeye alikuwa mdogo, kazi yake ilikuwa kuwafukuza kunguru.

"Mchanga masikioni, mwanangu, lakini sijapata tena usingizi kama ule." Alifumba macho, akayafumbua. "Mtu wa kambi amekimbia kitu. Mtu wa dago amefuata kitu, na atarudi. Wewe ukaja kuniambia kambi! Mwalimu mzima!"

"Nimekosea, Mama."

"Umekosea. Mwite mumeo alisimamishe hilo hema. Na liwe uani, si mbele. Sitaki kufa tena."

Mume wangu hakuwahi kulisimamisha haraka namna ile. Baada ya adhuhuri Mama aliingia kwa magoti, amenishika mkono, akatandika mkeka wake mwenyewe, akatuamuru tutoke. Tulikaa kwenye ngazi ya mlango wa uani kama wazazi waliompeleka mtoto kwenye mtihani. Mume wangu alishika kigingi kimoja, akawa anakigeuza geuza mkononi. Ndani mle kulikuwa kimya, kisha tukamsikia akijigeuza, kisha akikohoa. Mume wangu aliacha kugeuza kigingi. Nilijua anangoja kusikia sauti ya mama yake akiita atolewe.

Badala yake tukasikia mkoromo. Mdogo kwanza, halafu wa mtu aliyeshiba.

Wakati huohuo muuza chapati alichungulia juu ya ua kutuuliza jambo. Akaliona hema. Akapeleka mkono mdomoni.

"Shoga," alinong'ona, "nani tena?"

Sikuwahi kujibu. Mkoromo ulikatika, na sauti ikatoka ndani ya hema: "Ni mimi tena! Lakini leo nimelala tu. Hebu nenda kapike chapati zako!"

Alitoka karibu na alasiri, alama za mkeka zimemchora shavu moja. Aliomba maji, akanywa yote, akamwambia mwanawe, "Lina joto. Mkilala fungueni hivyo vidirisha. Na kichwa kiwekeni upande uliopanda, damu isije ikawashukia." Mume wangu alisema, "Ndiyo, Mama," akaenda nyuma ya gari akajifanya anakagua tairi. Mtu mzima, ana mvi. Nilimwacha alikague mpaka alipomaliza. Jioni ile madumu yalirudi juu ya gari.

Siku ya kuondoka Mama alituombea dua pale pale uwanjani, mikono yake juu ya vichwa vyetu, na ilikuwa dua ndefu yenye kila mto niliowahi kumtajia. Sikujua kama alikuwa akisikiliza. Kisha akasema neno moja tu: "Mkifika, mseme."

Msafiri akitoka, kwetu uwanja haufagiwi mpaka afike salama. Usije ukamfagilia nyayo zake. Sikulikumbuka hilo mpaka tulipompigia simu kutoka Morogoro.

"Mmefika?" aliuliza.

"Tumefika Morogoro, Mama."

"Ndiyo mwisho wa safari hapo?"

"Hapana, Mama. Bado."

"Basi msiseme mmefika. Wifi yako ameshika ufagio, nimemnyang'anya."

Nikasikia wifi akipiga kelele kwa nyuma: "Wifi, nihurumieni! Mkungu unapukutisha majani, kuku wamechakura kila mahali! Mpaka mfike huko mwendako si tutakuwa tunaishi jalalani?"

Nikaona hapa panahitaji maelezo. Nilimwambia Mama kwamba safari kama hii haina kufika kumoja, na kwamba labda kila siku ina kufika kwake. Alifikiri.

"Dago huhama," alisema mwishoni. "Haya. Kila siku mkishapata pa kulala, mnieleze palivyo mpaka nipaone. Nikipaona, mmefika, na asubuhi tutafagia. Usiku hatufagii, mtafukuza riziki."

Ndivyo tunavyofanya. Mpaka Mbeya tulilala kwa ndugu, na maelezo yalikuwa rahisi. Sasa tumevuka mpaka, na kila jioni mume wangu akishapigilia kigingi cha mwisho hunipa simu, nami namweleza Mama: leo kuna mti wa aina gani, upepo unatoka wapi, jirani zetu ni nani, tumepika nini. Naeleza nitakavyo na hakuna anayenikatisha. Mara nyingine huuliza vidirisha kama viko wazi.

Asubuhi hupiga yeye. Hasalimii kwanza. Huielekeza simu uwanjani ili tusikie, na sisi tunasimama kando ya hema, vikombe vya chai mikononi, tukisikiliza ufagio wa chelewa ukikwangua mchanga wa nyumbani kwetu, na wifi akilalamikia majani. Ufagio ukinyamaza, tunang'oa vigingi, na mume wangu anawasha gari.